Sura ya Sita: Madebe Kumi Yashuke, Debe Moja Lipande

Anayefuga milimani hulijua swali hili, na mara nyingi huliuliza akiwa amesimama ukingoni mwa kijito, macho yakitazama juu. Maji ninayo, yanapita hapa bondeni mwaka mzima. Malisho yangu yako kule mgongoni mwa kilima. Nguzo za umeme hazijafika, na dizeli ya jenereta inakula pesa yote ya maziwa. Haya maji yatapandaje?

Njia iliyozoeleka ni kuwashusha ng'ombe wayafuate. Njia hiyo ina gharama, ila hakuna anayetuletea bili yake. Kwato hubomoa ukingo, na baada ya masika mawili njia ya ng'ombe imekuwa korongo. Kinyesi huingia kwenye maji ambayo watoto wa kijiji cha chini wataenda kuyachota jioni. Ng'ombe naye hupanda kilima akichoma majani aliyokula asubuhi. Kumbuka kwamba karibu asilimia 87 ya maziwa ni maji. Ng'ombe wa maziwa anayekamuliwa vizuri huhitaji lita 60 hadi 100 za kunywa kwa siku, na wa kienyeji lita 25 hadi 40. Anayekunywa mara moja kwa siku, tena baada ya safari, hawezi kutoa maziwa ambayo mwili wake ungeweza kutoa.

Mimi naamini kwamba mahali pengi penye vilima, nguvu ya kupandisha maji imo ndani ya kijito chenyewe. Tunakosea kwa sababu tunatazama upande mmoja tu. Tunauliza kilima kina urefu gani, wakati swali la kwanza lilipaswa kuwa: kijito kinashuka kiasi gani?

Kabla ya pampu, panda na mto

Usinunue kitu chochote kabla hujatembea. Fuata kijito kuelekea kinakotoka, ukikumbuka kimo cha malisho yako. Inawezekana kabisa kwamba kilomita moja huko juu, kijito hicho hicho kiko juu zaidi ya boma lako. Kama ndivyo, huhitaji pampu. Unahitaji bomba au mfereji unaoshuka taratibu, kwa mteremko mdogo kuliko ule wa mto, mpaka ufike malishoni.

Wachaga wa Kilimanjaro wamefanya hivyo kwa vizazi vingi kwa mifereji wanayoiita mifongo. Wamarakwet wa Kenya nao wameshusha maji kutoka kwenye ukuta wa bonde la Kerio kwa mifereji inayong'ang'ania miamba. Mgeni akisimama chini na kutazama mfereji wa namna hiyo huweza kuapa kwamba maji yanapanda mlima. Hayapandi. Yanashuka polepole kuliko bonde linavyoshuka, basi kila hatua yanazidi kuwa juu ya mto yalikotoka.

Maji ya mteremko hayana vali wala chuma cha kuchakaa. Yakipatikana, funga sura hii ukachimbe. Tunaoendelea ni sisi ambao kijito chetu kiko chini ya malisho kuanzia chanzo hadi mpaka wa shamba.

Kwa nini kunyonya hakufiki mbali

Watu wengi hudhani pampu ya mkono au ya kukanyaga ikiwekwa juu ya kilima itayavuta maji kutoka bondeni. Haiwezi, hata ungekuwa na miguu ya chuma. Pampu inaponyonya, huondoa hewa ndani ya bomba, kisha uzito wa hewa ya nje ndio unaoyasukuma maji yaingie. Usawa wa bahari, uzito huo hubeba nguzo ya maji ya mita 10 na kidogo tu. Mahali palipo kama mita 2,000 juu ya bahari, penye miinuko ya Njombe au Limuru, hewa ni nyepesi na kikomo hushuka hadi mita 8 hivi. Ukiondoa msuguano na uvujaji, shambani utapata mita 5 au 6. Kwa hiyo pampu yoyote ya kupeleka maji mbali juu lazima ikae chini, karibu na maji, iyasukume.

Kuna kifaa kinachokaa chini na kusukuma usiku na mchana bila mtu, bila mafuta, bila waya. Mafundi hukiita haidramu.

Maji yanayosimama ghafla

Umewahi kusikia bomba la nyumbani likigonga ukutani mtu anapofunga koki kwa haraka? Kishindo hicho ndicho moyo wa haidramu.

Fikiria daladala iliyojaa, watu wamesimama hadi mlangoni. Dereva akikanyaga breki ghafla, gari husimama lakini abiria hawasimami. Wa nyuma humwangukia wa kati, wa kati humwangukia wa mbele, na aliye karibu na kioo hubeba uzito wa wote. Maji yaliyo ndani ya bomba refu ni abiria hao. Yakiwa mwendoni, kisha mlango ufungwe mbele yao, yote yaliyo nyuma hubana, na pale mlangoni shinikizo hupaa kwa kufumba na kufumbua. Maji yanayokwenda mita moja tu kwa sekunde ndani ya bomba la chuma, yakisimamishwa papo hapo, huweza kutoa shinikizo la kusimamisha nguzo ya maji ya zaidi ya mita 100. Shinikizo hilo hudumu kitambo kidogo mno. Nyumbani huharibu viungo vya mabomba. Kazi ya haidramu ni kulipatia mahali pa kutokea.

Kondoo dume wa Voiron

Mwaka 1772 John Whitehurst, mtengeneza saa wa Derby nchini Uingereza, aliunganisha wazo hili na koki huko Oulton, katika jimbo la Cheshire. Kila koki ilipofungwa, maji kiasi yalirukia kwenye tangi lililokuwa juu. Upungufu wake ulikuwa mkono: bila mtu wa kufungua na kufunga, hakuna kilichopanda.

Aliyeuondoa mkono ni Joseph-Michel Montgolfier wa Ufaransa. Wengi wanamjua kwa jambo jingine, kwani yeye na ndugu yake ndio waliorusha puto la hewa ya moto mwaka 1783. Familia yao ilikuwa ya watengeneza karatasi, na karatasi haitengenezwi bila maji mengi. Mwaka 1796 aliunda mashine ya kupandisha maji kwa ajili ya kiwanda chake cha karatasi cha Voiron, ikiwa na vali iliyojifungua na kujifunga yenyewe. Mwaka uliofuata rafiki yake Matthew Boulton aliisajili hataza ya mashine hiyo Uingereza. Wafaransa waliiita kondoo dume wa maji, na Waingereza wakafuata. Aliyewahi kuona kondoo wawili wakipigana ataelewa: dume hurudi nyuma, hukimbia, hupiga kichwa, kisha hurudi nyuma tena. Neno haidramu limetoka kwenye jina hilo la Kiingereza, likiwa limefupishwa.

Umbo lake halijabadilika sana tangu hapo, na hilo linanipa imani nalo kuliko tangazo lolote la mashine mpya.

Ndani ya mpigo mmoja

Tuzitaje sehemu zake kwanza, maana majina haya tutayatumia mpaka mwisho.

- Bomba la kushushia: linatoa maji kijitoni na kuyateremsha hadi kwenye pampu.
- Vali ya kumwaga: mlango unaokaa wazi, ambapo maji hutoka nje na kurudi mtoni. Vali ni kiziba kinachoruhusu au kuzuia maji.
- Vali ya njia moja: inaruhusu maji kwenda juu, inayakataza kurudi.
- Chupa ya hewa: chombo kilichofungwa juu ya vali hiyo, chenye hewa ndani.
- Bomba la kupandishia: linatoka chini ya chupa ya hewa hadi kwenye tangi kule kilimani.

Sasa sikiliza mpigo mmoja. Maji yanateremka kwenye bomba la kushushia na kumwagika nje kupitia vali ya kumwaga. Mwanzoni yanakwenda taratibu, na uzito wa vali unaiweka wazi. Yanaongeza kasi. Inafika hatua mkondo una nguvu ya kuibeba vali na kuibamiza ifunge. Tak! Daladala imefunga breki. Maji yote ya bombani yanabanana, shinikizo linapaa, na njia iliyobaki ni vali ya njia moja. Inafunguka, maji kidogo yanaingia kwenye chupa ya hewa. Nguvu ikiisha, maji ya bombani hurudi nyuma kidogo kama mpira uliodunda ukutani, vali ya njia moja inafunga, vali ya kumwaga inaanguka na kufunguka kwa uzito wake. Mkondo unaanza upya.

Haya yote huchukua sekunde moja hivi, pungufu au zaidi kidogo. Haidramu nyingi hupiga kati ya mara 40 na 90 kwa dakika.

Chupa ya hewa inastahili maneno zaidi, maana ndiyo watu huipuuza. Maji hayabaniki, hewa hubanika. Kila mpigo unapoingiza maji, hewa iliyo juu yake husinyaa kama springi, kisha hutanuka na kuyasukuma maji juu polepole wakati mpigo mwingine unajiandaa. Bila hewa hiyo, kila pigo lingekwenda moja kwa moja kwenye chuma. Lakini hewa huyeyuka ndani ya maji, kidogo kidogo, na baada ya majuma kadhaa chupa hujaa maji. Ukisikia haidramu imebadili sauti, inagonga kikavu na kwa ukali, chupa imejaa. Kwa sababu hiyo mafundi hutoboa tundu dogo la milimita moja au mbili chini ya vali ya njia moja. Kila maji yanaporudi nyuma, tundu hilo huvuta hewa kidogo. Wengine hutia ndani ya chupa tyubu ya baiskeli iliyojazwa upepo kiasi na kufungwa, na hewa iliyo ndani ya tyubu haiyeyuki kwa urahisi.

Kwa ufupi: maji mengi yanayoshuka kidogo hupata kasi, kasi ikikatwa ghafla huwa shinikizo, shinikizo hupandisha maji machache juu sana.

Hesabu ya madebe

Hapa ndipo ndoto nyingi huvunjika, na afadhali zivunjike kwenye karatasi kuliko baada ya kununua mabomba.

Chukua kamba na kapi, yaani gurudumu la kisimani linalopitisha kamba. Madebe kumi ya maji yakishuka mita 3, yana nguvu ya kulipandisha debe moja mita 30. Zidisha mwenyewe: 10 mara 3 ni 30, na 1 mara 30 ni 30. Hakuna mashine duniani itakayokupa zaidi ya hapo. Haidramu haikupi hata debe zima, maana sehemu ya nguvu hupotea kwenye msuguano, mishindo na maji yanayovuja kabla vali haijafunga. Iliyofungwa vizuri hurudisha kama asilimia 60.

Tuite kimo ambacho maji hushuka kutoka kijitoni hadi kwenye pampu *mwanguko*, na kimo kutoka kwenye pampu hadi tangi la juu *mpando*. Tuseme bomba lako la kushushia linapata lita 60 kwa dakika, mwanguko ni mita 3 na mpando ni mita 30.

60 × 3 ÷ 30 = lita 6. Asilimia 60 ya hizo ni lita 3.6 kwa dakika.

Lita tatu na nusu! Najua wengi hukata tamaa wakifika hapa, kwa sababu hata koki ya jikoni hutoa zaidi. Lakini haidramu hailali. Lita 3.6 kwa dakika ni lita 216 kwa saa, na kwa siku nzima ni lita 5,184. Ukimpa kila ng'ombe wa maziwa lita 80, umewanywesha ng'ombe zaidi ya 60. Nguvu yake ni hiyo ya kufanya kazi saa 24.

Sasa cheza na hesabu hiyo. Mpando ukiwa mita 60 badala ya 30, unapata nusu: lita 2,592. Mwanguko ukiwa mita moja na nusu badala ya 3, unapata nusu ile ile. Maana yake ni kwamba kusogeza mdomo wa bomba juu zaidi kijitoni, ukaongeza mwanguko kutoka mita moja na nusu hadi 3, ni sawa na kukikata kilima katikati. Ndiyo sababu nilisema utazame kijito kwanza.

Mwanguko ukiwa chini ya mita moja, kazi huwa ngumu. Na mpando ukizidi mara ishirini ya mwanguko, maji yanayofika juu huwa machache mno.

Kupima kwa ndoo na mpira

Vipimo vitatu vinatosha, na hakuna hata kimoja kinachohitaji mhandisi.

Kwanza, wingi wa maji. Ziba kijito kwa mawe na udongo, pitisha maji kwenye kipande cha bomba, kinga kwa ndoo ya lita 20. Ikijaa kwa sekunde 20, una lita 60 kwa dakika. Pima mwisho wa kiangazi. Kipimo cha masika ni cha uongo kwa ng'ombe wa Oktoba.

Pili, mwanguko. Tumia ule mpira mwembamba unaopitisha mwanga ambao mwashi hutumia kusawazisha msingi. Ukiujaza maji, ncha zake mbili husimama kimo kimoja hata zikitenganishwa na mawe na vichaka. Shuka hatua kwa hatua ukijumlisha tofauti.

Tatu, mpando, kwa mpira huo huo kuelekea juu. Ni kazi ya asubuhi nzima na inachosha. Usikisie kwa macho. Jicho la mtu aliyesimama bondeni hudanganywa na kilima.

Mahali penye makosa mengi

Kosa kubwa ni bomba la kushushia la plastiki laini. Bei yake inavutia, na wauzaji hawatakukataza. Lakini plastiki hutanuka mshindo unapopita, ikimeza nguvu uliyokuwa unaitafuta. Ni kama kupigilia msumari kwa nyundo iliyofungwa kitambaa. Bomba la kushushia liwe la chuma, lililonyooka, lisilo na kona, lenye urefu wa mara nne hadi saba ya mwanguko. Kwa mwanguko wa mita 3 hiyo ni mita 12 hadi 21. Weka pesa yako hapo. Bomba la kupandishia linaweza kuwa la plastiki nyeusi ya kawaida, ilimradi linahimili shinikizo la mpando wako.

Mdomo wa bomba la kushushia uzame angalau sentimita 30 chini ya maji, usije ukavuta hewa, na uvalishwe chujio. Jani moja likikwama kwenye vali ya kumwaga, mashine nzima imesimama. Pampu yenyewe ifungwe kwenye zege, kwa sababu itapigwa zaidi ya mara 50,000 kwa siku.

Kuhusu pampu: zipo za kiwandani, nzito, za kukaa miaka mingi. Zipo pia ambazo fundi bomba mwenye akili anaunganisha kwa vali mbili za shaba, viungo vya T na kipande cha bomba nene kama chupa ya hewa. Ukiwa na pesa kidogo na fundi mzuri, anza na ya pili. Raba za vali zitahitaji kubadilishwa, na mtu aliyeiunganisha mwenyewe haogopi kuifungua.

Mto uliotulia

Mto mpana usio na mteremko hauna mwanguko wa kulisha haidramu, lakini kama una mkondo, kuna gurudumu la mzingo. Bomba huzungushwa kwenye gurudumu kama jongoo aliyejikunja, mkondo huligeuza, na kila mzunguko mdomo wa bomba huchota maji, kisha hewa, kisha maji. Vipande hivyo husukumana hadi juu. Fundi wa Zurich aitwaye Wirz aliliunda mwaka 1746. Udhaifu wake ni kiungo cha katikati kinachozunguka, ambacho huvuja. Na kwa maji yaliyotuama kabisa, ya lambo au kisima, kusema kweli paneli ya jua ni mshirika bora.

Wa chini yako

Katika mfano wetu, kati ya lita 60 zinazoingia kwenye pampu, zaidi ya 56 hutoka kwenye vali ya kumwaga. Hazijachafuka wala hazijapotea. Zirudishe kijitoni kwa mfereji mdogo uliopangwa mawe, hapo hapo chini ya pampu. Jirani wa chini akiona maji yanamwagika ardhini na kutengeneza tope, atasema unamnyima, na atakuwa na haki.

Nenda kwanza kwenye ofisi ya maji. Tanzania ina bodi za maji za mabonde tisa, na Kenya ina Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Huko ndiko vibali vya kutumia maji hutolewa. Sheria ya Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inalinda pia mita 60 za ukingo wa mto dhidi ya shughuli za kudumu za binadamu, kwa hiyo uliza kabla ya kumwaga zege, halafu zungumza na kamati ya maji ya kijiji. Ng'ombe wasioshuka tena mtoni ni hoja yenye nguvu katika mazungumzo hayo.

Kule juu, maji yaingie kwanza kwenye tangi linalotosha siku moja, kisha kwenye birika lenye boya la kufunga maji likijaa. Zungushia birika mawe au zege, la sivyo utakuwa umehamisha tope kutoka mtoni hadi malishoni.

Siku ya kuiwasha

Haidramu mpya haianzi yenyewe. Fungua maji, vali ya kumwaga itafunga na kukaa kimya, kwa sababu juu hakuna shinikizo la kuirudisha. Ibonyeze kwa kidole gumba ifunguke. Itafunga tena. Bonyeza tena. Fanya hivyo mara ishirini, mara thelathini, mpaka bomba la kupandishia lianze kuwa na uzito wa maji ndani yake. Utahisi kidoleni: vali itaanza kukutangulia, ikifunguka kabla hujaigusa. Hapo ondoa mkono.

Usikimbilie juu bado. Bomba la inchi moja lenye urefu wa mita 200 humeza karibu lita 100 kabla halijatoa tone. Kwa lita 3.6 kwa dakika, hiyo ni karibu nusu saa. Kaa kwenye jiwe, hesabu mipigo, kaza kiungo kinachovuja, kisha panda kilima taratibu ukawangoje ng'ombe kwenye birika.